Je, Wajua? Kisangani, Lango la Msitu wa Kongo

Boti kubwa zinazopanda Mto Kongo kutoka Kinshasa hukomea Kisangani, baada ya safari ya takriban kilomita 1,700. Mbele ya mji yako maporomoko saba ya Boyoma, na reli ya kwenda Ubundu ilijengwa ili kuyakwepa. Kwa anayetaka kuujua msitu wa mvua, mji huu una faida kubwa: uwanja wa ndege, masoko ya kununulia chakula cha safari, na mitumbwi ya kukodi.

Pembezoni mwa mji, wavuvi Wagenia husimika magogo katikati ya maji yaendayo kasi na kuning'iniza mitego mikubwa ya kusuka mfano wa vikapu, ustadi unaostahili kutazamwa kwa saa nzima. Yangambi, yenye hifadhi ya msitu na kituo mashuhuri cha utafiti wa kilimo, iko takriban kilomita 100 kuelekea chini ya mto. Mvua hupungua kidogo kati ya Desemba na Februari. Kiswahili, kilichofikishwa huko na misafara ya biashara ya karne ya 19, huzungumzwa pamoja na Kilingala.