Ukubwa wa Mchoro Nao Husema

Zipo kazi za sanaa ambazo humwoni ndani yake mtu, mnyama wala mti. Kilichopo ni rangi, mistari na maumbo, na baadhi yake ni kubwa kuliko ukuta wa darasa. Huitwa sanaa dhahania. Mwalimu wa Baraka au wa Fizi, mashariki mwa Kongo, akiwaonyesha wanafunzi kazi ya namna hiyo, ataulizwa mara moja ina maana gani. Wana haki ya kuuliza, lakini swali hilo mara nyingi huja na imani kwamba maana imefichwa nyuma ya rangi, na kwamba mwalimu anaijua ila hajaamua kuitaja. Mimi nasema mchoro mkubwa wa dhahania haufichi ujumbe. Maana yake inatokana na mambo mawili yanayoonekana wazi: jinsi ukubwa wake unavyomgusa mtu aliyesimama mbele yake, na maneno ambayo watazamaji wanaambiana wakiwa hapo. Kwa hiyo hauwezi kufundishwa kwa kuandika jibu ubaoni.

Tuanze na ukubwa, kwa kuwa ndio unaopotea kwanza. Barnett Newman, mchoraji wa New York, alimaliza mwaka 1951 kazi iitwayo Vir Heroicus Sublimis. Urefu wake kwenda juu ni mita 2 na sentimita 42, na upana ni mita 5 na sentimita 42. Karibu yote ni nyekundu, imekatwa na mistari mitano myembamba iliyosimama wima. Alipoionyesha mwaka huohuo, Newman aliwataka watazamaji waisogelee, wasikae mbali kama watu wanavyozoea kufanya mbele ya picha kubwa. Kwenye simu, kazi hiyo ni kipande chekundu kisichozidi kidole, na mwanafunzi anayesema hata yeye angeweza kukichora hajakosea kuhusu anachokiona. Sasa darasa lichukue kamba na chaki, lipime vipimo hivyo na kuchora ile mistari mitano kwenye ukuta wa nje wa shule, kisha kila mmoja asimame hatua mbili kutoka ukutani. Hawezi tena kuziona kingo zote mbili bila kugeuza shingo. Mstari mmoja uko usawa wa bega lake, mwingine ameuacha nyuma ya jicho. Hapo anatambua kwamba mchoraji alipima mwili wa binadamu, na kwamba ile mistari inamwambia mtazamaji mahali alipo. Rangi nyekundu haiko ukutani, ni kweli, lakini sehemu ya hoja imeshaingia mwilini mwake, na mazungumzo yana pa kuanzia.

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu. Fizi yenyewe inawajibu. Wabembe, watu wa huko, walikuwa na chama cha alunga, na kinyago chake ni miongoni mwa maumbo dhahania yenye nguvu zaidi niyajuayo katika Afrika ya Kati. Ni kinyago cha kuvaa kichwa kizima, chenye nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma. Uso wenyewe umepunguzwa hadi kubaki karibu macho matupu: mashimo mapana yaliyopakwa udongo mweupe, na katikati ya kila shimo umbo lililoinuka, mara nyingi la msalaba. Juu yake kuna manyoya ya ndege na miiba ya nungu, na chini nyuzi za miti zinaufunika mwili wa mvaaji. Aliyekichonga alikuwa anajua sura ya mtu ilivyo. Aliamua kuacha karibu kila kitu isipokuwa kule kutazama. Tena kinyago hicho hakikukusudiwa kuwekwa kwenye kabati la kioo, kilikofikia katika majumba ya Ulaya. Kilitoka, kikatembea, kikatoa sauti, na watu walikiona kikiwa kimekua kwa mavazi na mwendo.

Kuhusu mazungumzo, mfano uliorekodiwa vizuri zaidi ni wa bwami, chama kilichokuwako kwa Walega na pia kwa Wabembe. Daniel Biebuyck, mtafiti wa Kibelgiji aliyefanya kazi katika jamii hizo mbili, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu Walega kwamba vitu vya bwami vilifundishwa kwa methali, wimbo na kucheza. Kitu kimoja kiliweza kubeba methali kadhaa, na mtu asingeweza kukisia mafundisho yake kwa kuliangalia umbo peke yake. Utawala wa kikoloni uliipiga marufuku bwami mwaka 1948, lakini njia ile ya kufundisha ni somo hadi leo: wazee waliweka umbo sahili katikati, wakalizungumzia.

Hapa ndipo pingamizi zito zaidi linapokuja. Ikiwa maana inatokana na mazungumzo, basi kila mtu aseme apendavyo? Hapana. Methali za bwami hazikuzuka ovyo. Walioingia chamani walizijua na walisahihishana. Darasani nako kuna nidhamu yake. Abigail Housen na Philip Yenawine, wa Marekani, walijenga mbinu ya kujadili picha kwa maswali machache, na lililo kubwa kwangu ni hili: unaona nini kinachokufanya useme hivyo? Mwanafunzi anayesema ule wekundu wa Newman ni damu aulizwe. Katika eneo lililopita vitani tangu 1996, jibu hilo litakuja, na mwalimu asilicheke wala asilikimbize. Huenda atajibu kwamba rangi haina mwisho, imejaa pande zote. Mwenzake atasema damu humwagika na kutapakaa, lakini hii imetulia na kingo zake zimenyooka, kwa hiyo yeye anaona udongo, au jua linalozama upande wa milima. Wote wawili wamelazimika kurudi kwenye mchoro. Anayesema ni simba, na hana cha kuonyesha, hoja yake itaanguka mbele ya wenzake bila mwalimu kumkaripia.

Mazungumzo hayo yakikomaa, wanafunzi wanaweza kupelekwa kwenye kazi zenye mambo mengi zaidi. Julie Mehretu, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1970, alimaliza mwaka 2009 mchoro wa ukutani huko New York wenye urefu wa zaidi ya mita 24, akilaza ramani, majengo na njia za biashara tabaka juu ya tabaka. Kijana wa Baraka aliyekulia ufukweni mwa Tanganyika, penye mashua za kwenda na kurudi na watu wanaohama na kurejea, ana mengi ya kusema kuhusu mchoro wa njia zinazopishana. Ndani ya Kongo kwenyewe kuna sketi za raffia za wanawake wa Kuba, kule Kasai, ndefu mita kadhaa, zenye viraka vya maumbo visivyorudia mpango mmoja. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alitundika vitambaa vya Wakuba kwenye karakana yake, akavitazama miaka mingi.

Wapo wazazi watakaosema vinyago ni mambo ya mizimu, na makanisa mengi ya Fizi yanafundisha hivyo. Nawaheshimu. Darasa halihitaji kuvaa kinyago wala kuigiza ibada. Linahitaji kuona jinsi mchongaji alivyochagua kuacha pua na kubakiza macho, na yale ya siri wabaki nayo wenyewe wazee. Wengine watauliza kwa nini kupoteza saa juu ya rangi wakati vitabu havitoshi na ada haijalipwa. Lakini kamba na chaki vina bei ndogo kuliko kitabu. Na kijana huyohuyo atakapoketi kwenye Mtihani wa Taifa ataandika insha ya Kifaransa, ambapo atatakiwa kutoa dai, kulitetea kwa ushahidi na kumjibu anayempinga. Saa moja mbele ya ukuta uliopimwa ni zoezi la kazi hiyohiyo, kwa lugha ya nyumbani kwanza, Kibembe au Kiswahili, kabla ya ile ya mtihani.