King na Malcolm X: Njia Mbili, Dhuluma Moja

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 26 Machi, 1964, wanaume wawili walipeana mikono katika jengo la Bunge la Marekani, mjini Washington. Mmoja alikuwa Mchungaji Martin Luther King. Wa pili alikuwa Malcolm X. Walisalimiana kwa dakika chache, wakapigwa picha, wakaagana. Hawakuonana tena.

Wengi huwataja watu hawa kama mahasimu. Lakini ugonjwa waliokuwa wakiupiga vita ulikuwa mmoja; walihitilafiana juu ya dawa yake.

King, mwana wa mchungaji, alijulikana kwanza mjini Montgomery, Alabama. Huko mtu mweusi aliyelipa nauli sawa na Mzungu alilazimishwa kumwachia kiti. Desemba 1, 1955, mshonaji nguo, Bibi Rosa Parks, alikataa kusimama, akakamatwa. Watu weusi wakasusia mabasi kwa siku 381. Wapishi, madobi na yaya walikwenda kazini kwa miguu. Kampuni ya mabasi ikapata hasara, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba ubaguzi ule ni haramu. Njia ya King, aliyojifunza kwa Gandhi, ilikuwa kuikataa hadharani sheria mbovu, kukubali kifungo, na kutorudisha kipigo.

Malcolm aliijua miji ya Kaskazini. Huko ubaguzi haukuhitaji kibao mlangoni: ulionekana katika kodi ya nyumba na kazi duni. Alifungwa mwaka 1946, akajisomea gerezani, na alipotoka mwaka 1952 akawa mhubiri wa Nation of Islam. Alifundisha kwamba anayeshambuliwa ana haki ya kujilinda. Mwaka 1964 aliihama jumuiya hiyo, akahiji Makka, akazunguka Afrika. Oktoba alifika Dar es Salaam na kuonana na Rais Nyerere. Alitaka shauri la weusi lipelekwe Umoja wa Mataifa.

Februari 4, 1965, Malcolm alikwenda Selma, Alabama, wakati King yumo kizuizini. Alimweleza Bibi Coretta King kwamba hakuja kumharibia mumewe kazi. Alitaka Wazungu watambue kuwa wasipomsikiliza King, watakabiliwa na njia nyingine iliyo ngumu zaidi. Siku 17 baadaye aliuawa mjini New York.

King naye aliona kwamba sheria za mwaka 1964 na 1965, ingawa zilifungua milango ya hoteli na vituo vya kura, hazikujaza chungu jikoni. Mwaka 1966 alihamia mtaa wa maskini, Chicago. Mwaka 1968 alikwenda Memphis kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma. Huko akauawa, Aprili 4. Kama Malcolm, alikuwa na umri wa miaka 39.

Siku 12 baadaye, manispaa ya Memphis ilikubali kukitambua chama cha wafanyakazi wale, na mishahara yao ikapandishwa.