Mwanamuziki Huru wa Roki na Gharama ya Barabara

Na Mwandishi Wetu

Hadhira ya muziki wa roki katika kumbi ndogo za Marekani na Uingereza humwona mwanamuziki jukwaani kwa dakika 45 hivi. Saa nyingine zote za siku yake hazionekani, nazo ndizo zinazoamua iwapo ataendelea na kazi hiyo mwakani. Nyingi kati ya saa hizo huishia ndani ya gari, kati ya onesho la jana na la leo, akiwa na wenzake watatu au wanne, magitaa, ngoma, amplifaya na maboksi ya fulana za kuuza.

Mwanamuziki huru, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni yule asiye na mkataba na kampuni kubwa ya kurekodi. Hujigharamia mwenyewe au hufanya kazi na lebo ndogo, ambayo mara nyingi nayo ni ya mwanamuziki mwenzake. Wapenzi wa muziki wa dansi nchini wanaokumbuka bendi zikizunguka mikoani na vyombo vyake wataitambua picha hii haraka. Ipo tofauti moja kubwa. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mpiga gitaa wake alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo havikuwa vyake. Mpiga gitaa huru wa roki hana mwajiri. Gari likiharibika usiku, fundi humdai yeye.

Mtandao wa safari unaotumiwa na bendi hizi ulijengwa kwa sehemu kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bendi ya Black Flag ya Hermosa Beach, California, iliyoundwa mwaka 1976, ilikuwa miongoni mwa zilizoifungua njia hiyo. Mpiga gitaa wake, Greg Ginn, alianzisha lebo ya SST, na kwa kuwa kumbi rasmi hazikuwa na nafasi kwa roki ya panki, bendi ilipiga katika kumbi za maveterani wa vita, vyumba vya chini vya nyumba za watu na popote palipokuwa na umeme. Namba za simu za waandaaji wa kila mji zilipitishwa kutoka bendi moja hadi nyingine. Mwimbaji wake, Henry Rollins, aliyejiunga mwaka 1981, alitunza shajara ya safari hizo na kuichapisha mwaka 1994 katika kitabu kiitwacho Get in the Van. Kitabu hicho kinazungumzia njaa, ugomvi na uchovu kuliko muziki, jambo linaloshangaza wasomaji wengi lakini halimshangazi mtu aliyewahi kusafiri na bendi.

Wenzao wa lebo hiyo hiyo, Minutemen, walitoka San Pedro, eneo la bandari la wafanyakazi katika jiji la Los Angeles. Walibeba vyombo wenyewe, wakaendesha gari wenyewe, na wakarekodi kwa gharama ndogo kadiri ilivyowezekana. Kwao sahani ya santuri ilikuwa tangazo la kumleta mtu kwenye onesho. Mtazamo huo ulikuwa kinyume cha ule wa kampuni kubwa za wakati huo, ambazo ziliyachukulia maonesho kama njia ya kuuza sahani. Leo, santuri inapouzwa kwa uchache na muziki wa intaneti ukilipa kidogo, karibu kila bendi ndogo inaishi kwa kanuni ya Minutemen, ipende isipende.

Ili kuelewa ugumu wenyewe, ni vyema kuitazama ramani. Kutoka Los Angeles hadi New York ni takribani kilomita 4,500 kwa barabara. Bendi inayotoka Minneapolis kwenda Seattle ina zaidi ya kilomita 2,600 mbele yake, yaani zaidi ya mara mbili ya safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza, na katikati kuna miji michache tu yenye ukumbi unaoweza kuipokea.

Sasa tuchukue mfano wa hesabu, kwa viwango vya kukadiria tu. Bendi ya watu wanne imeahidiwa dola 300 kwa onesho la usiku mmoja. Wakala aliyeitafutia kazi hiyo anachukua asilimia 10, zinabaki 270. Umbali kutoka mji wa jana ni kilomita 500. Basi dogo lililojaa vyombo linatumia petroli ya dola 75 hivi. Chakula cha watu wanne kwa siku nzima, kwa kujibana, ni dola 80. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, ambacho wote wanne watalala, ni dola 100. Zinabaki dola 15. Nyuzi za gitaa, bima, matairi na kodi ya nyumba waliyoiacha nyumbani bado havijaguswa.

Hapo ndipo fulana inapoingia. Bendi ikiuza fulana 10 kwa dola 25 kila moja, na kila fulana iligharimu dola 10 kuitengeneza, imepata dola 150, ambazo ni mara 10 ya kilichobaki katika malipo ya kupiga muziki. Ndiyo maana mwimbaji aliyekuwa akitoka jasho jukwaani huonekana dakika tano baadaye amesimama nyuma ya meza ya mauzo akisalimiana na watu. Huko ndiko mshahara wake uliko. Ndiyo maana pia wanamuziki hulalamikia vikali desturi ya baadhi ya kumbi kudai asilimia ya mauzo ya fulana. Januari 2022, chama cha wasanii cha Featured Artists Coalition cha Uingereza kilianza kuorodhesha hadharani kumbi zisizodai chochote katika mauzo hayo, na Septemba 2023 kampuni ya Live Nation ilitangaza kuondoa makato hayo katika kumbi zake ndogo nchini Marekani.

Utaratibu wa malipo ya mlangoni nao hutofautiana. Baadhi ya waandaaji huahidi kiasi maalumu, wengine hugawana kiingilio na bendi baada ya kutoa gharama za ukumbi, na wengine huchanganya njia zote mbili: kiasi maalumu, kisha asilimia ya ziada kama watu wamejaa. Njia ya pili hubebesha bendi hasara yote ya usiku wa mvua.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini bendi isipumzike siku moja kati ya miji miwili ya mbali. Jibu liko katika hesabu ile ile. Siku ya mapumziko inakula chakula cha dola 80 na malazi ya dola 100 bila kuingiza senti. Kwa hiyo onesho la Jumatatu katika mji mdogo, kwa malipo ya dola 100 na chumba cha bure sebuleni kwa mwandaaji, ni afadhali kuliko kulala. Ratiba hubanwa hivyo wiki tatu mfululizo, na kila usiku baada ya onesho mtu mmoja miongoni mwao hukaa kwenye usukani.

Gharama ya mwisho ya barabara imelipwa kwa maisha. Tarehe 22 Desemba 1985, D. Boon, mpiga gitaa na mwimbaji wa Minutemen, alikuwa amelala nyuma ya gari akiwa mgonjwa wa homa, bila mkanda wa usalama, wakati ekseli ilipovunjika katika jangwa la Arizona. Alirushwa nje na kufariki dunia akiwa na umri wa miaka 27, na bendi ikaishia hapo. Julai 2003, wanamuziki watatu kati ya wanne wa The Exploding Hearts ya Portland walifariki gari lao lilipopinduka Oregon walipokuwa wakirejea nyumbani kutoka San Francisco. Februari 2016, vijana wote wanne wa Viola Beach ya Warrington, Uingereza, pamoja na meneja wao, walikufa gari lao lilipotumbukia kutoka darajani huko Södertälje, Sweden, usiku ule ule walipomaliza kupiga. Machi 2019, wawili wa Her's ya Liverpool na meneja wao wa safari waliuawa Arizona wakielekea California, gari lao lilipogongana na lingine lililokuwa likienda kinyume na mwelekeo wa barabara. Vyanzo vya ajali hizi havifanani, na si haki kuzitupia zote uchovu. Kinachofanana ni kwamba wote walikuwa ndani ya gari barabarani, mahali ambapo mwanamuziki huru hutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Gari lenyewe ni shabaha ya wezi pia. Julai 1999, bendi ya Sonic Youth iliibiwa lori lenye vyombo vyake vyote mjini Orange, California. Magitaa yake mengi yalikuwa yamefanyiwa marekebisho ya pekee kwa nyimbo mahususi, hivyo baadhi ya nyimbo hazikuweza tena kupigwa kama zamani. Vyombo vichache vilipatikana miaka mingi baadaye. Baadhi ya bendi huegesha gari mlango wa nyuma ukiwa umegusana na ukuta, na mtu mmoja hulala ndani.

Safari ikivuka mpaka, hesabu hubadilika tena. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka katika Umoja wa Ulaya, mwanamuziki wa Manchester anayekwenda kupiga Ujerumani au Ufaransa huhesabiwa siku zake: zisizozidi 90 katika kila siku 180 ndani ya eneo la Schengen. Vyombo vinavyosafirishwa kama mizigo huhitaji hati ya forodha inayoorodhesha kila kimoja, hadi waya, na magari makubwa ya mizigo yamewekewa kikomo cha vituo. Kwa upande wa Marekani, ada ya ombi la kibali cha wasanii wageni ilikuwa dola 460. Tangu Aprili 2024 imepanda na kuzidi dola 1,600 kwa mwombaji wa kawaida, kabla ya tiketi ya ndege. Onesho la dola 300 haliwezi kuibeba gharama hiyo.

Hata mbao za gitaa zina sheria zake. Mkataba wa kimataifa wa CITES uliweka mti wa jamii ya mpingo wa Brazil katika orodha yake kali zaidi mwaka 1992, hivyo gitaa la zamani lenye mbao hizo huhitaji cheti kuvuka mpaka. Mwaka 2017 masharti yalipanuliwa kwa jamii nzima ya miti hiyo, ukiwemo mpingo wetu wa Tanzania unaotumika kutengeneza zumari za Ulaya na vibao vya vidole vya baadhi ya magitaa. Usumbufu uliowapata wanamuziki wanaosafiri ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mkutano wa mwaka 2019 uliviondoa vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa katika masharti hayo mapya. Mpingo wenyewe uliendelea kulindwa.

Mirabaha, ambayo msomaji wa Tanzania anaifahamu kupitia Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA), ina nafasi isiyotarajiwa katika safari hizi. Mtunzi anayepiga nyimbo zake mwenyewe ukumbini ana haki ya kulipwa kwa onesho hilo, kwa kuwa ukumbi hulipia leseni. Nchini Uingereza huwasilisha orodha ya nyimbo alizopiga kwa PRS for Music, na Marekani kwa ASCAP au BMI. Fedha si nyingi, ila kwa ziara ya maonesho 20 zinaweza kulipa matairi. Wengi husahau kuwasilisha orodha hizo, na huo ni uzembe wa gharama kubwa. Kwingineko hali ni ngumu zaidi: redio za kawaida za Marekani hazimlipi mwimbaji wala mpigaji kwa kurusha rekodi yake, humlipa mtunzi pekee, na tangu mwaka 2024 Spotify haitoi mgao kwa wimbo usiofikisha usikilizwaji mara 1,000 katika miezi 12.

Wapo waliolimudu fumbo hili. Fugazi ya Washington ilipiga maonesho zaidi ya 1,000 kati ya mwaka 1987 na 2002, katika majimbo yote 50 ya Marekani na nje, ikishikilia kiingilio cha dola 5 kwa sehemu kubwa ya muda huo na kuruhusu watu wa umri wote. Haikuuza fulana kabisa. Haikuwa na meneja, kazi ya kupanga ziara ilifanywa na mwanabendi Ian MacKaye, na rekodi zilitolewa na Dischord, lebo aliyoianzisha pamoja na Jeff Nelson mwaka 1980. Kwa kukata kila asilimia ya mtu wa kati, kiingilio kidogo kikatosha, kwa sababu kumbi zilijaa. Bendi inayopata watu 40 haiwezi kuiga hesabu hiyo.

Bendi ya watu 40 inategemea jambo jingine: kwamba mji wa katikati ya njia bado una ukumbi. Ukumbi mmoja ukifungwa, hatua mbili za kilomita 500 huwa hatua moja ya kilomita 1,000, na malazi, petroli na uchovu huongezeka kwa pamoja. Bunge la Marekani liliigusa hatari hiyo Desemba 2020, lilipotenga dola bilioni 15 kwa kumbi na waandaaji waliofungiwa shughuli na UVIKO-19, baada ya kumbi huru kujiunga pamoja na kushawishi. Nchini Uingereza, Novemba 2024 Serikali iliunga mkono tozo ya hiari katika tiketi za viwanja na kumbi kubwa ili fedha hizo zisaidie kumbi ndogo, ikisema iwapo wenye maonesho makubwa hawataitikia kwa haraka, itafikiria kuifanya ya lazima.