Seli mbili zikifanywa moja: kutoka wodi za Dallas hadi maabara ya Kabete

Muuguzi wa Meru au Embu anayehudumia wagonjwa wa saratani hapa Dallas anaijua rituximab. Dawa hiyo ni kingamwili, na chimbuko la kingamwili za namna hiyo ni jaribio la mwaka 1975 huko Cambridge. Georges Köhler na César Milstein walichukua seli ya wengu wa panya, inayotengeneza kingamwili lakini haidumu maabarani, wakaiunganisha na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Mseto uliopatikana ulirithi yote mawili. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1984.

Milstein hakuwa anatafuta dawa. Alitaka kujua jeni za kingamwili zinavyofanya kazi, na kwangu mimi huo ndio upande mtamu zaidi wa habari hii.

Seli ya ngozi na seli B zina karibu jeni zilezile, ila seli B pekee ndiyo hutoa kingamwili. Taa isipowaka, utajuaje kama imekosa mafuta au kuna mtu anayeizima? Wanasayansi waliunganisha seli inayotoa kingamwili na seli ya tishu nyingine, na mara nyingi kingamwili ikakoma. Kumbe seli ile ngeni ilikuja na kitu kinachozima. Walipounganisha seli B ambayo bado haijakomaa na uvimbe wa seli za plazima, ambazo ndizo hatua ya mwisho ya ukuaji wa seli B, mseto ulielekea kumwaga kingamwili kama seli iliyokomaa. Kwa hiyo kukomaa nako kuna viwashio vyake.

Kwetu, teknolojia hii haikuchelewa kufika. Kabete, Nairobi, kulikuwa na ILRAD, maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa mwaka 1973. Adui wake mkubwa alikuwa ndigana kali, ile ECF inayowamalizia wafugaji ng'ombe wa maziwa. Kimelea chake, Theileria parva, huletwa na kupe, huingia ndani ya seli za kinga za ng'ombe na kuzilazimisha zigawanyike ovyo kama saratani.

Kufikia 1980 watafiti wa ILRAD walikuwa wametumia seli mseto kutengeneza kingamwili zinazotofautisha aina za kimelea hicho. Kisha wakatengeneza nyingine za kutambua seli za kinga za ng'ombe zenyewe: IL-A12 hushika seli za CD4, IL-A51 hushika zile za CD8, IL-A30 hushika kingamwili ya IgM iliyo juu ya seli B. Maabara za nje zinazochunguza kinga ya ng'ombe nazo huzitumia, na herufi IL-A zinatokana na jina la maabara ya Kabete. Hilo linastahili kujulikana zaidi miongoni mwetu.

Baada ya seli kuweza kutofautishwa hivyo, swali la kale, la seli zipi humkinga ng'ombe dhidi ya ndigana, likajibika. Mwaka 1994 kundi la ILRAD, akiwemo Evans Taracha, lilichukua seli za CD8 kutoka kwa ndama aliyekwisha kupata kinga na kumpa pacha wake wa kufanana. Pacha huyo akalindwa dhidi ya ndigana.