Nyika si tupu

Juma hili nina swali la dereva mmoja wa magari ya watalii hapa Arusha, ambaye ameomba nisimtaje jina. Anasema wageni wake wawili, mume na mke, watu wazima wenye adabu zao, walimwomba asimamishe gari kwenye nyanda kavu za kuelekea Ziwa Natron ili wavue nguo zote na kutembea hivyo kwa muda wa saa moja. Walimhakikishia kwamba hakukuwa na mtu wa kuwaona. Dereva alikataa, nao wakanuna njia nzima. Anauliza: je, alikosea? Na watu hao ni wagonjwa wa akili, au ndio ustaarabu mpya?

Jibu langu ni kwamba hakukosea, na wale wageni si wagonjwa. Nitaeleza yote mawili, maana jambo hili lina historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo ilitokea hapa hapa kwetu Arusha.

Tuanze na wageni. Huko Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, walitokea watu waliochoshwa na moshi wa viwanda na msongamano wa miji. Wakahubiri kwamba mwili unahitaji jua, hewa na maji bila kizuizi cha nguo. Wajerumani huuita mwendo huo utamaduni wa mwili huru, kwa kifupi FKK. Mwaka 1950 kilifunguliwa kijiji cha mapumziko cha watu wa namna hiyo huko Montalivet, Ufaransa, na mwaka 1953 hapo hapo likaundwa shirikisho lao la kimataifa. Wengine hupenda majangwa. Katika jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada nchini Marekani, hufanyika kila mwaka tamasha liitwalo Burning Man, ambapo mtu akitembea uchi hakuna anayegeuza shingo.

Usidhani hao hawana miiko. Wanayo, na ni mikali. Huketi kwenye kiti cha wote bila kutandika taulo lako. Humkodolei mwenzio macho. Humpigi mtu picha bila ruhusa yake. Zaidi ya hayo, vijiji vyao vina uzio na lango, na kila aingiaye amekubali kuona na kuonekana. Shikeni neno hilo, kukubali, kwa sababu ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo.

Sisi nasi tulikuwa na namna yetu. Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, kabla mabomba hayajafika majumbani, tulioga mtoni. Wanaume walikuwa na sehemu yao na wanawake yao. Aliyeshuka alikohoa au aliita kutoka mbali, na aliyepita juu ya kingo aligeuza uso akaendelea na safari. Miili ilikuwa wazi mchana kweupe, lakini hakuna aliyesema fulani nimemkuta uchi. Kwa desturi ya Kimasai, mke wa mtu hakutakiwa kuonekana na mumewe bila hereni zake za ndoa. Kwake yeye, masikio matupu yalikuwa aibu kuliko bega lililo wazi. Kumbe uchi haupimwi kwa mita za kitambaa. Unapimwa kwa makubaliano ya watu wanaoishi pamoja.

Sasa tuone yanayotokea makubaliano hayo yanapovunjwa kwa amri. Mwishoni mwa mwaka 1967 na mwanzoni mwa 1968, miezi michache tu baada ya Azimio la Arusha, wakuu wa mkoa wetu walianzisha kampeni ya kuwavalisha Wamasai nguo walizoziita za kisasa. Lubega, yaani shuka lililofungwa begani, ilitangazwa kuwa ni uchi na ni aibu kwa taifa. Aliyevaa hivyo alikataliwa kupanda basi. Mtu aliyetoka mbali kuja mjini kwa haja zake, akiwa na nauli mkononi, aliachwa kituoni kwa sababu hakuwa na suruali. Malalamiko yalivuka mpaka hadi kwa Wamasai wa Kenya. Baadaye, mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Basi Mmasai alishutumiwa kwa kubaki nyuma, na binti wa Dar es Salaam akashutumiwa kwa kukimbilia mbele mno, na wote wawili waliambiwa wako uchi.

Uganda mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1971 serikali ya Idi Amin iliwaamuru Wakaramoja, wafugaji wa nchi kame ya kaskazini mashariki, wavae nguo. Amri hiyo ilisimamiwa na askari wenye bunduki, na watu walipoteza maisha. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hawa hawakuvuliwa nguo, walivishwa, na bado wakavuliwa heshima.

Leo shuka lile lile linauzwa kwa watalii kwenye masoko ya vinyago hapa mjini, na liko mabegani mwa walinzi wanaofungua milango ya hoteli kubwa. Kitambaa ni kile kile. Kilichobadilika ni macho ya mwenye kuamua.

Na macho hayo siku hizi yana kamera. Mwaka 1973 Leni Riefenstahl, Mjerumani aliyewahi kutengeneza filamu za kuutukuza utawala wa Hitler, alitoa kitabu cha picha za Wanuba wa Sudan, wengi wao wakiwa hawana nguo, na kikajulikana dunia nzima. Hadi leo wapo wageni wanaoinua kamera mbele ya mama anayenyonyesha au watoto wanaooga kijitoni. Katika vijiji vya uchi vya Ulaya mtu wa namna hiyo angetolewa nje ya lango. Kwa nini huku aruhusiwe?

Narudi kwenye nyanda za Natron. Lugha yetu ina neno moja, tupu, kwa kitu kisicho na chochote ndani na kwa mwili usio na nguo. Wageni wale waliona nchi tupu, wakadhani na wao wanaweza kuwa watupu. Lakini nchi ile si tupu. Ni malisho ya watu wa Engaresero na vijiji jirani. Nyuma ya kila mgunga yawezekana yupo mtoto na mbuzi wake, na mtoto huyo hakuulizwa kama anakubali. Sheria nayo haisemi vingine: Kanuni ya Adhabu inakataza vitendo vya aibu hadharani, na hadharani ni popote ambapo umma una haki au ruhusa ya kufika. Kule Zanzibar, mwaka 2021 serikali ilitangaza faini kwa watalii wasiojisitiri mitaani, na makampuni yanayowatembeza nayo yakahusishwa. Kwa hiyo dereva anayekubali anahatarisha hata kazi yake.

Hata jua lenyewe lingewaadhibu. Tuko nyuzi tatu tu kusini ya Ikweta, na ngozi iliyozoea baridi huungua kabla saa moja haijaisha. Ndugu zetu wenye ualbino wanajua gharama ya jua hili, kwani saratani ya ngozi imewaua wengi. Wenye majangwa yao hawavui, bali hujifunika. Mwaka 1980 wanasayansi walichapisha uchunguzi juu ya majoho meusi ya Mabedui, wakaonyesha kwamba joto linalonaswa na kitambaa hupotea kabla ya kufika mwilini, kwa kuwa joho ni pana na hewa hupita ndani yake.

Ushauri wangu kwa madereva na waongozaji ni huu: semeni mapema, kabla gari halijaondoka mjini, kwa upole na bila kumcheka mtu. Mgeni akitaka kuota jua bila nguo, atafute mahali penye ukuta na ruhusa ya mwenyewe. Akimwona mtu wetu katika vazi lake au akioga, aombe kwanza, na akikataliwa aishushe kamera. Na wewe msomaji, siku ukijaliwa kufika Ujerumani ukawakuta watu ufukweni kama walivyozaliwa, usicheke wala usipige picha. Geuza uso upite, kama tulivyofanya mtoni.