Masafa au Idadi ya Mitetemo?

Mfasiri akiandika kwamba "masafa ya noti ni 440", mwalimu wa kwaya wa Mbeya ataelewa nini? Katika Kiswahili cha kila siku masafa ni umbali. Redio imelizoesha neno hilo maana nyingine, na hatuna ugomvi na watangazaji. Lakini katika ala za nyuzi maana hizo mbili hukinzana. Uzi wa gitaa wa sentimita 64 unaotetemeka mara 110 kwa sekunde, ukibanwa katikati zikabaki sentimita 32, hutetemeka mara 220. Umbali umepungua nusu, mitetemo imeongezeka maradufu.

Kwa hiyo tunapendekeza idadi ya mitetemo, na kipimo chake kiwe hezi. Kwa kinanda hesabu ni nyepesi: mkutano wa London wa mwaka 1939 uliipa noti ya A hezi 440, kila nusutoni inayofuata hupatikana kwa kuzidisha kwa 1.05946, na baada ya hatua 12 tunafika 880.

Jedwali hilo, hata hivyo, si la ala zote. Wagogo, majirani wa Wahehe, huimba kwa ngazi ifuatayo mafungu ya asili ya sauti. Msingi ukiwa hezi 110, fungu la saba ni 770, ilhali noti ya kinanda iliyo karibu nalo ni 784. Mpiga ligombo wa Iringa naye asiambiwe kwamba uzi wake "umekosea" kwa kuwa haulingani na jedwali. Kichwa chake kisomeke "Noti za Kinanda", si "Noti Sahihi".