Kilimo cha Milima ya Mbulu na Swali la Vita na Uvumbuzi

Wanahistoria wengi wa teknolojia wamezoea kueleza uvumbuzi kwa kuutaja pamoja na vita, kana kwamba binadamu hubuni jambo jipya pale tu anapobanwa na adui, na katika Afrika Mashariki mfano uliotumiwa sana kuthibitisha dai hilo ni ule wa Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu. Kiini cha nchi yao ni Irqwar Da'aw, eneo la vilima na mabonde membamba linalozunguka Kainam, mashariki ya mji wa Mbulu, kati ya msitu wa Nou na ukingo wa Bonde la Ufa. Hapo wataalamu wa kilimo wa enzi ya ukoloni walikuta kitu ambacho hawakukitarajia, yaani kilimo shadidi, ambacho maana yake ni kulima shamba lile lile mwaka hadi mwaka kwa kuongeza kazi na mbolea badala ya kulihama udongo unapochoka.

Kilimo hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na watu, na samadi yao ilikusanywa na kubebwa hadi mashambani. Majani na mabua yalifukiwa ardhini ili yaoze yawe mboji. Matuta yalipangwa kuukata mteremko ili maji ya mvua yapungue kasi na kuzama badala ya kuondoka na udongo. Na chini kabisa bondeni mifereji ilitoa maji yaliyozidi wakati wa masika, kisha ikayarudisha kwenye viazi vitamu wakati wa kiangazi. Hakuna hata kimoja kati ya vitendo hivyo kinachoshangaza kikiwa peke yake. Nguvu yake imo katika kuunganishwa kwa mifugo, maji na udongo kuwa mfumo mmoja, na ni haki kuuita mfumo huo uvumbuzi, ingawa hauna jina la mvumbuzi.

Nadharia iliyotawala kwa muda mrefu ilieleza kwamba Wairaqw walizingirwa mlimani na mashambulizi ya Wamaasai, na kwa kuwa hawakuweza kutoka, walilazimika kuikamua ardhi ndogo waliyokuwa nayo. Ushahidi uliotajwa zaidi ulikuwa nyumba zao, ambazo zilichimbwa ndani ya mteremko na kuezekwa kwa udongo hata paa likalingana na ardhi, kiasi kwamba mvamizi angeweza kupita bila kuziona. Henry Fosbrooke, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliandika juu ya nyumba hizo katika miaka ya 1950 na kuzihusisha moja kwa moja na uvamizi. Ester Boserup, mwanauchumi wa Denmark, alitoa mwaka 1965 hoja pana zaidi: watu wakiongezeka kuliko ardhi, hubadili mbinu za kulima.

Mwanajiografia wa Sweden, Lowe Börjeson, aliipinga nadharia ya kuzingirwa katika utafiti aliouchapisha mwaka 2004. Kwa maoni yake, mashamba ya Irqwar Da'aw yalijengwa kidogo kidogo, tuta kwa tuta, na wakulima waliokuwa wakifanya kazi zao za kila siku, wala hayakuzaliwa na dharura. Hoja hiyo ina uzito mkubwa kuliko ile ya zamani, kwa sababu nyumba iliyofichwa inathibitisha hofu tu, haithibitishi asili ya samadi wala ya mfereji. Kuna pia jaribio ambalo historia yenyewe ililifanya. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe, iliangamiza mifugo ya Wamaasai na kuvunja nguvu zao, kisha utawala wa Wajerumani ukazima uvamizi. Wairaqw wengi walitoka mlimani na kuenea hadi Karatu, Dongobesh, Haydom na Hanang, ambako ardhi ilikuwa tele na kazi nyingi za zamani ziliachwa, jambo linalompa Boserup sehemu ya haki yake. Lakini waliobaki Kainam waliendelea kutunza matuta yale yale, kwa kuwa kazi ya vizazi vilivyotangulia ilikuwa tayari imo ndani ya udongo.

Uvumbuzi wa aina tofauti kabisa ulifika Hanang kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, wakati serikali, kwa msaada wa Kanada, ilipoanzisha mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu chini ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula. Matrekta yaliingia katika malisho ambayo Wabarabaig, tawi la Wadatoga, walikuwa wakiyatumia kwa zamu kufuata majira ili nyasi zipate kupumzika, na maarifa hayo, ambayo ni teknolojia kamili ya kutunza nyika, yalihesabiwa kuwa si kitu. Ardhi iliyolimwa kwa mashine ilianza kuchimbika makorongo. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kuidai ardhi hiyo, Mahakama Kuu ikawapa ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitengua hukumu hiyo kwa maelezo kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kuwa ardhi ilikuwa yake.